Decimate: mmoja katika kumi, au karibu wote?

kalamu_nyepesi

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo kuhusu neno moja la Kiingereza, decimate. Nina sentensi nne za kutafsiri na katika kila moja neno hili linaonekana kuvaa nguo tofauti:

1. The commander decimated the cohort. Hii inatoka kwenye maandishi ya historia ya Roma.
2. Drought has decimated the herds. Hii ni habari ya kawaida.
3. Staff numbers were decimated by 40 percent. Ripoti ya ofisi.
4. Decimate the signal by 10 before saving. Mwongozo wa programu ya sauti.

Kamusi ndogo inasema ni kuua mtu mmoja katika kila kumi. Kamusi kubwa inaongeza "kuua au kuharibu sehemu kubwa". Halafu wapo wanaoshikilia kwamba hiyo maana ya pili ni ya watu wasiojua Kilatini. Ipi sahihi, na ni kitenzi gani cha Kiswahili kinachobeba kila moja? Hiyo namba 4 hata pa kuanzia sipaoni.

---

kikosi_cha_kale

Tuanze na namba 1, maana neno lilizaliwa huko. Kilatini kina decem, yaani kumi. Decimus, wa kumi. Na kitenzi decimare, kutoa mmoja katika kila kumi. Ilikuwa adhabu ya jeshi la Roma kwa kosa lililofanywa na kundi zima: kukimbia vitani, kuacha lindo, kuasi. Kamanda alikuwa kwenye mtego. Watu mia tano wakitenda kosa, akiwaua wote anabaki bila jeshi; akiwaachia, kesho watakimbia tena. Kura ilimtoa hapo.

Polybius, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 2 KK, anaieleza hatua kwa hatua. Tribuni (afisa wa ngazi ya juu) anaikusanya legioni (kikosi kikubwa cha maelfu ya askari), anawatoa mbele wenye hatia, anawakaripia mbele ya wenzao. Kisha kura inapigwa miongoni mwa hao wenye hatia tu. Wanatolewa watano, au wanane, au ishirini, kutegemea wako wangapi, ilimradi hesabu ikaribie sehemu ya kumi yao. Walioangukiwa na kura wanapigwa virungu bila huruma. Waliosalia wanapewa posho ya shayiri badala ya ngano, na wanaamriwa wapige kambi nje ya boma, mahali pasipo na kinga.

Hapo kuna mambo mawili ambayo watu huyakosea kila siku. Kwanza, si moja ya kumi ya jeshi, ni moja ya kumi ya waliokosa. Pili, wale tisa hawakusamehewa. Ngano ndiyo iliyokuwa chakula cha askari. Kupewa shayiri ni kuambiwa hadharani kwamba umeshuka daraja, na kulala nje ya boma ni hatari usiku kucha.

Mifano inayojulikana: mwaka 471 KK, chini ya konsuli (mmoja wa watawala wawili wa mwaka) Appius Claudius, mwanahistoria wa Kirumi Livy anasema askari waliopoteza bendera na maakida waliotoroka waliuawa bila kura, halafu katika umati uliobaki kura ikamtoa mmoja katika kila kumi. Mwaka 71 KK, katika vita dhidi ya Spartacus, kiongozi wa watumwa walioasi, kamanda Marcus Licinius Crassus aliichukua adhabu hii iliyokuwa imeshasahaulika. Kwa hesabu ya mwandishi Plutarch walikuwa watu 500, wakagawanywa makundi 50 ya watu kumi kumi, akafa mmoja kila kundi. Mwanahistoria Appian anataja pia simulizi yenye hesabu kubwa zaidi, hadi 4,000, kwa hiyo ukikuta waandishi wawili wanapingana kuhusu Crassus usidhani mmoja kakosea kuchapa. Mark Antony aliitumia mwaka 36 KK kwenye vita vya Parthia, dola iliyokuwa mashariki ya Roma. Mwaka 20 BK Lucius Apronius, liwali wa jimbo la Kirumi la Afrika, aliitumia kwa kohorti (kikosi cha mamia ya askari) iliyomkimbia Tacfarinas, kiongozi wa uasi dhidi ya Roma.

Hesabu ninayoipenda ni ya Julius Caesar, 49 KK, legioni ya 9 ilipoasi huko Placentia. Alitishia kuipitisha yote kwenye kura, wakamlilia, akakubali wapigiwe kura vinara 120 tu. Wakatoka 12. Appian anasema mmoja wa hao 12 alithibitika kuwa hakuwepo kabisa siku ya uasi, na Caesar akamuua badala yake akida aliyemsingizia.

Kohorti ya kawaida wakati wa dola ilikuwa na senturia 6 za watu 80, jumla 480, kwa hiyo ikikosa yote wanakufa 48. Na askari waliishi wanane wanane katika hema moja, si kumi kumi. Kumi ni hesabu ya adhabu, haikuwa kipimo cha kikosi.

Kwa hiyo namba 1 usiandike "aliiangamiza kohorti". Ni uongo wa asilimia 90. Andika: "Kamanda aliamuru kohorti ipigiwe kura, auawe askari mmoja katika kila kumi." Ni ndefu, lakini ukiondoa kura umeondoa adhabu yenyewe. Ikijirudia katika maandishi, mara ya pili sema tu "adhabu ya mmoja katika kumi".

---

mhariri_wa_zamu

Mkuu hapo juu kamaliza Roma. Mimi nashika namba 2 na 3.

Wanaosema maana ya "kuharibu sehemu kubwa" ni kosa wamechelewa mno. Neno liliingia Kiingereza karibu na mwaka 1600, na kabla karne ya 17 haijaisha lilikuwa limeshaanza kutumika kwa maafa makubwa ambayo hakuna aliyeyahesabu kwa kumi. Malalamiko yalikuja baadaye sana. Mmarekani Richard Grant White alilikemea mwaka 1870. Yaani matumizi yalitangulia, katazo likaja kuyakimbiza kwa nyuma.

Tena kulikuwa na maana ya tatu isiyo na damu: kutoza moja ya kumi. Mwaka 1655 serikali ya Oliver Cromwell nchini Uingereza iliwatoza waliokuwa upande wa mfalme asilimia 10, kuanzia wenye pato la ardhi la pauni 100 kwa mwaka, na kodi hiyo ikaitwa decimation. Ukikutana na neno hili katika maandishi ya Uingereza ya miaka hiyo, angalia kwanza kama ni fedha kabla hujaua mtu. Na hapo andika "kodi ya moja ya kumi" au "fungu la kumi", usiandike "zaka", kwa sababu msomaji Mwislamu anajua zaka ya mali ni moja ya arobaini.

Kwetu jambo hili si geni. Ushuru ni neno la Kiarabu lililotokana na ushr, sehemu ya kumi. Leo mtu akitozwa asilimia 25 haambiwi kwamba huo si ushuru kwa kuwa umezidi kumi. Karantini nayo kwa asili ni siku arobaini, lakini aliyefungiwa siku 14 yuko karantini vilevile. Nani anawasahihisha?

Ila maana pana nayo ina mipaka yake, na hapa ndipo wengi huteleza.

Mtendwa, yaani anayefanyiwa kitendo, lazima awe kitu kinachohesabika au chenye sehemu nyingi: watu, mifugo, jeshi, msitu, samaki wa bahari fulani, wafanyakazi, timu iliyopoteza wachezaji. Gari moja, au mtu mmoja, hawi decimated. Ukiona hivyo mwandishi alitaka kusema destroyed.

Lazima kitu kibaki. Sentensi yenye completely decimated au totally decimated inajipiga yenyewe: kama ni yote basi neno ni annihilated au wiped out. Kinyume chake, almost decimated nayo ni kichekesho, maana decimate tayari ina "karibu" ndani yake.

Na namba haikai naye. Ndiyo maana namba 3 ina kasoro tangu Kiingereza chenyewe. Kitenzi hiki kina moja ya kumi tumboni. Ukikibandika 40 percent unakuwa na hesabu mbili zinazogombana. Halafu hiyo by: katika decimated by drought inamtaja mtendaji, katika by 40 percent inataja kiasi. Kiswahili kinazitenganisha bila shida: imepukutishwa NA ukame, imepungua KWA asilimia 40. Namba 3 itafsiri kwa kile alichokusudia: "Idadi ya wafanyakazi ilipungua kwa asilimia 40." Usijitie kutafuta kitenzi kikali, namba inatosha kuuma. Kama mwandishi yupo, mwulize kwanza: ni 40 walioondoka au 40 waliobaki? Wapo wanaochanganya.

Sasa vitenzi. Hivi havilingani, ingawa magazeti huvitumia kana kwamba ni kimoja:

Kupukutisha ndicho cha kwanza kwangu. Pukutika asili yake ni ya majani. Utazame mti uliopukutika: matawi yamesimama, chini pamejaa majani makavu, na juu kuna machache yameshikilia kwa vikonyo. Hiyo ndiyo picha kamili ya decimate katika maana pana. Wengi wamekwenda, wachache wapo, shina halijafa. Na Kiswahili kimeshalihamishia kwa viumbe: watu walipukutika kwa ndui, kuku wanapukutika kwa kideri.

Kufyeka kinafaa pale penye kasi na mkato, maana kimetoka kwenye panga na kichaka. Ugonjwa uliofyeka kijiji kwa wiki moja, sawa. Ukame unaovuta miezi minane haufyeki, unapukutisha.

Kuteketeza ni cha moto, na kikitumika vizuri hakiachi kitu zaidi ya majivu. Usikitumie kwa decimate ila kama moto upo kweli, na hata hapo sema "sehemu kubwa ya". Kuangamiza kina tatizo hilohilo: aliyeangamia hayupo. Ukiandika "ukame umeangamiza mifugo", msomaji anaona zizi tupu. Ukiandika "umepukutisha mifugo", anaona zizi lenye ng'ombe wachache waliokonda. Ya pili ndiyo sentensi yako.

Kwa vitu visivyo na uhai, kama viwanda au bajeti, kupukutisha kinaweza kusikika kishairi mno. Hapo "kudhoofisha vibaya" au "kupunguza kwa kiasi kikubwa" kinatosha.

---

irabu_tano

Mhariri, kwenye ushuru nakupinga kidogo. Mswahili akisikia "ushuru" haoni kumi mle ndani, kwa sababu hesabu yetu ya Kiarabu imebaki kwenye sita, saba, tisa, ishirini na kuendelea. Kumi ni kumi, ya Kibantu. Mwingereza yeye ana decimal, decade, decilitre, decibel. Ile dec- bado inamwangalia usoni. Ndiyo maana mzozo wa decimate haufi, na si ujinga wa watu wa Kilatini peke yake.

Kosa la kweli liko kwenye utata. Chukua sentensi: The fever decimated a town of 5,000. Wamekufa 500? 2,000? 4,000? Msomaji mmoja atasema hivi, mwingine vile, na wote wana kamusi mkononi. Kwa anayeandika Kiingereza mwenyewe, ushauri wangu ni mkavu: kama unajua hesabu, iandike na uache decimate. Killed a tenth of the town, au killed four in five. Kama hujui hesabu, litumie kwa maana pana na usiliweke karibu na namba yoyote, hasa 10.

Na kuna wanaodhani maana ya Kirumi ni kuacha mmoja katika kumi, yaani kuua tisa. Hapana. Ili kuona jinsi maana ya asili ilivyo ndogo, chukua watu 1,000 na uwapitishe kwenye kura hiyo tena na tena: 900, 810, 729, 656, 590, 531, 478. Mara saba ndipo wanashuka chini ya nusu. Kwa hiyo maana pana haikutoka kwenye hesabu, imetoka kwenye hofu. Adhabu ilitisha kuliko idadi yake, na neno likarithi kitisho likaacha hesabu.

Kwa wanaojifunza kulitamka: DE-si-meit, mkazo silabi ya kwanza. Nomino, decimation, mkazo unahamia mbele: de-si-MEI-shen. Msilichanganye na decimalise, ambayo ni kugeuza kitu kiende kwa mfumo wa desimali, wala na disseminate, kusambaza. Hiyo ya mwisho hutokea sana kwenye maandishi ya haraka: the report was decimated to all staff. Ripoti imechanwa au imesambazwa?

---

sampuli_48k

Namba 4 ni yetu sisi wa sauti na redio, na hapa neno limegeuka kichwa chini miguu juu. Roma, katika kila kumi anakufa mmoja. Huku kwetu, decimate by 10 maana yake katika kila sampuli kumi inabaki moja, tisa zinatupwa. Na si lazima iwe kumi. Tunasema decimate by 2, by 6, by 25, bila mtu kucheka.

Sauti ya kidijiti ni mfululizo wa namba zilizopimwa kwa nafasi sawa; kila namba ni sampuli. Kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde, sekunde kumi zina sampuli 480,000. Ukifanya decimate kwa 6, kasi inakuwa 8,000 na sekunde zilezile kumi zinabeba 80,000. Sauti ya mazungumzo bado inaeleweka, faili limepungua mara sita.

Kazi ina hatua mbili na mpangilio wake haubadiliki. Kwanza unachuja, kisha unatupa.

Kwa nini uchuje? Kwa kasi ya 8,000 huwezi kuwakilisha masafa (wingi wa mitetemo ya sauti kwa sekunde, hupimwa kwa hezi) yanayozidi nusu yake, yaani hezi 4,000. Yaliyo juu ya hapo hayapotei ukiyatupa kienyeji. Yanakunjika na kurudi chini yakijifanya kitu kingine. Mlio wa hezi 5,000 utatokea kama mlio wa hezi 3,000, kwa kuwa 8,000 kutoa 5,000 ni 3,000. Mlio huo haukuwepo kwenye rekodi. Na ukishaingia huwezi kuutoa, kwa sababu umekaa mahali palepale pa milio halali ya hezi 3,000. Ndiyo maana kuchuja baada ya kutupa hakusaidii chochote.

Kwa hiyo unapitisha ishara kwenye kichujio cha masafa ya chini kinachoruhusu, tuseme, hadi hezi 3,400 na kinachobana vizuri kabla ya kufika 4,000. Ile nafasi kati ya 3,400 na 4,000 ni ya lazima, maana hakuna kichujio kinachokata kama wembe. Ukiibana sana, kichujio kinahitaji hesabu nyingi zaidi na kinachelewesha. Halafu unachukua sampuli ya kwanza, ya saba, ya kumi na tatu, na kuendelea.

Kinachoharibika zaidi kwa wanaoanza: wanachukua kila sampuli ya sita moja kwa moja kwenye programu yao, wanasikiliza, wanaona "inasikika sawa", kisha herufi s na sh zinatoa mlio wa bati. Hizo ndizo zenye masafa ya juu, ndizo zilizokunjika. Katika MATLAB, programu ya hesabu, kuna vitendaji viwili tofauti kwa sababu hiyo: downsample hutupa tu, decimate huchuja kisha hutupa. SciPy, maktaba ya lugha ya Python, nayo ina decimate, na kwa kawaida hutumia kichujio cha Chebyshev aina ya kwanza cha daraja la 8, ikikipitisha mbele na nyuma ili ishara isisogee kwa wakati. Miongozo yote miwili inashauri ukizidi 13 ugawe kazi. Unataka kupunguza kwa 60? Fanya kwa 10, kisha kwa 6. Ukilazimisha 60 kwa mkupuo mmoja, kichujio kinabanwa kwenye kipande chembamba sana cha masafa na hesabu zake zinaanza kuyumba.

Tafsiri: usiseme "haribu ishara kwa kumi", nimeshaona hiyo mahali! Wala "punguza asilimia kumi", maana hapo utakuwa umerudi Roma. Sema: "Chuja ishara na ubakize sampuli moja katika kila kumi kabla ya kuhifadhi." Ukihitaji nomino fupi kwa kichwa cha sehemu, "upunguzaji wa sampuli" inaeleweka.

---

kalamu_nyepesi

Nimefunguka macho, ahsanteni sana. Sampuli, hiyo ya tisa kutupwa ingenimaliza. Swali la nyongeza: kwenye mwongozo mwingine, wa michoro ya 3D, kuna kitu kinaitwa Decimate chenye ratio ya 0.1. Hapo inatupwa moja ya kumi au inabaki moja ya kumi?

---

wavu_mwepesi

Inabaki. Huyo ni Decimate wa Blender, programu ya michoro ya 3D, na ratio ni sehemu ya kubakiza. 1.0 maana yake hujagusa kitu, 0.1 maana yake nyuso (vipande bapa vinavyounda umbo) zimebaki asilimia 10. Mrumi angeandika 0.9.

Ina namna tatu na kila moja itafsiri kivyake, usizipe jina moja. Collapse huunganisha vipeo (ncha ambapo kingo hukutana) viwili viwili mpaka idadi ifike kwenye ratio. Umbo la pembetatu 200,000 kwa ratio 0.25 linashuka hadi kama 50,000. Un-Subdivide hurudisha nyuma mgawanyo wa awali, na inafaa pale wavu (mtandao wa nyuso) ulipo wa miraba iliyopangika. Huko hakuna ratio, kuna idadi ya marudio, na marudio mawili hufuta mgawanyo mmoja. Planar huangalia pembe kati ya nyuso zinazopakana. Zikitofautiana chini ya kikomo ulichoweka, huziunganisha, kwa hiyo ukuta bapa wenye nyuso mia unaweza kubaki uso mmoja wakati kona zake hazijaguswa.

Pale watu wanapokwama ni hesabu. Ratio ya Collapse inahesabiwa kwa pembetatu hata kama umbo lako ni la pembenne. Pembenne 10,000 ni pembetatu 20,000 machoni pake. Pembenne ambayo kingo zake hazikuunganishwa inabaki pembenne, kwa hiyo unaweka 0.5, unahesabu nyuso, unakuta zimezidi ulizotarajia, unadhani programu imekosea. Haijakosea. Washa chaguo la Triangulate ndipo hesabu zilingane.

Ukishuka sana, sehemu za kwanza kuharibika ni zile zenye maumbo madogo: vidole, masikio, kingo za macho. Na kama umbo litasogezwa kwa mifupa, viungo kama kiwiko vinapoteza safu za nyuso zinazokunjika, mkono unavunjika kama bomba. Ushauri wa kawaida ni kushuka kwa ngazi, 0.5 kisha tazama, 0.3 kisha tazama, na kulinda sehemu nyeti kwa kundi la vipeo.

Tafsiri nzuri ni "kupunguza nyuso". Jina la kitufe liache kama lilivyo kwenye skrini, la sivyo msomaji atatafuta kitufe cha Kiswahili ambacho hakipo.

---

irabu_tano

Kwa hiyo tuna Mrumi anayebakiza tisa katika kumi, fundi sauti anayebakiza moja, na mwandishi wa habari asiyejua amebakiza wangapi. Neno moja. Mhariri, bado unasema halina shida?

---

mhariri_wa_zamu

Halina shida likiwa nyumbani kwake, na kila nyumba ina mwenyewe. Fundi sauti hachanganyikiwi anapoandika by 6, na msomaji wa habari za mifugo hatarajii kura ya Crassus. Shida inakuja kwenye maandishi yanayochanganya nyumba mbili, kwa mfano makala ya historia inayosema kikosi kilikuwa decimated na kuhara. Huko Roma hiyo ni adhabu, si ugonjwa, na msomaji makini anasita. Hapo nakubaliana nawe: badilisha.

---

kalamu_nyepesi

Nimeziandika upya, nakosoeni:

1. Kamanda aliamuru kohorti ipigiwe kura, auawe askari mmoja katika kila kumi.
2. Ukame umepukutisha asilimia kubwa ya mifugo.
3. Idadi ya wafanyakazi ilipungua kwa asilimia 40.
4. Chuja ishara na upunguze sampuli moja katika kila kumi kabla ya kuhifadhi.

---

sampuli_48k

Namba 4 umerudi Roma! "Upunguze moja" maana yake umetupa moja, ukabaki na tisa, tena zilizokaa kwa nafasi zisizo sawa, na sauti itakwaruza. Weka "ubakize".

---

mhariri_wa_zamu

Na namba 2 ondoa "asilimia kubwa ya". Kupukutisha kimeshaisema, na neno asilimia linamfanya msomaji asubiri namba isiyokuja. "Ukame umepukutisha mifugo." Basi.